Mama Mkwe na Mwonjaji wa Malkia

Jumatano, 4 Machi

Sura ya tisa. Sijui mwandishi huyu alikula nini. Mwonjaji amekunywa supu ya malkia, ukumbi mzima kimya, wanamkodolea macho waone kama ataanguka — na yeye anawaza soli ya kiatu chake iliyotoboka. Basi tu. Mamia ya miaka iliyopita, jumba la kifalme, na mtu anawaza soli! Nimeisoma aya hiyo mara tatu nikiwa juu ya lifti, ghorofa ya sita, grisi mpaka viwikoni. Mlinzi akaniita kutoka chini, fundi, lifti imepona au bado. Nikamwambia bado. Ilikuwa imepona zamani.

Jioni grupu likachangamka. Hili grupu letu la riwaya za kihistoria ndiyo raha yangu. Kila Jumatano sura moja, maoni ya kurekodi kwa simu, na ole wake aliyeruka mbele. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Akianza kuongea hata kwenye simu, mimi nakaa vizuri kwenye kiti. Watu hawa sijawahi kuwaona uso kwa uso, lakini wananifikirisha kuliko majirani zangu wote.

Mama mkwe bado yuko nasi, mguu juu ya stuli, tangu alipopasuliwa goti. Kati yangu na yeye ni shikamoo, marahaba, goti linaendeleaje, kwisha. Ndivyo ilivyo tangu nioe. Simchukii hata chembe. Maneno yananikauka tu.

Jumapili, 8 Machi

Nasoma kwa sauti, bila hivyo kitu hakiniingii. Leo nimegundua jambo. Nikianza kusoma, Mama mkwe anapunguza sauti ya televisheni. Nikinyamaza, anaongeza. Nikajaribu mara kadhaa, kwa makusudi. Hakuna ubishi, anasikiliza.

Jumatano, 11 Machi

Aibu na sifa siku moja.

Nilikuwa narekodi maoni yangu. Namsifia mshika funguo wa jumba, yule anayempenda mwonjaji: mwanamume ndiye huyu, kila asubuhi lazima amuulize mwenzake ameamkaje. Nikatuma bila kusikiliza tena. Muda si muda Nesi, yule mwenzetu mcheshi, anauliza: huyo mama ni nani?

Mama gani? Nikafungua rekodi yangu. Sauti yangu inatiririka, najisikia kweli — mara nyuma yangu, taratibu, kama mtu anayejisemea:

“Anauliza halafu anaondoka. Hajawahi kusubiri jibu.”

Mama mkwe.

Nikarudi kwenye kitabu kutoka sura ya kwanza. Ni kweli tupu. Mshika funguo anauliza kila asubuhi, na kila mara mwonjaji anapofungua mdomo, funguo zinalia, jamaa kashageuka. Sote tumepita hapo na akili zetu, hakuna aliyeona. Mwenyekiti akasema yeye amekisoma kitabu hiki mara mbili na hakuona. Akaomba huyo mama asiachwe nyuma.

Mama akasikia sauti yake ikitoka kwenye simu yangu. Akanuna.

“Kwa hiyo umenipeleka kwa watu nimevaa soksi moja.”

Nikamwambia hawaoni, Mama, wanasikia tu. Akageukia televisheni. Halafu, bila kunitazama:

“Wamesemaje?”

Nikamchezea rekodi zote. Zile za kumsifu zilirudiwa mara mbili, kwa ombi lake.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi nimefika katikati ya ngazi, mkoba wa vifaa begani, nikasimama kama nimepigwa shoti. Nimetoka kumuuliza Mama goti linaendeleaje. Swali nimelitupa pale mlangoni nikifunga kamba za viatu. Amejibu nini? Sijui. Pengine hajajibu. Pengine anajibu kila siku na mimi niko ngazini.

Kumbe mshika funguo ni mimi.

Nikarudi. Nikavuta kiti. “Mama, goti linaendeleaje?” Akanitazama kama anayesubiri nimwambie nimefiwa. Nikasubiri mpaka nikaona aibu.

Ndipo akasema. Kupanda ngazi hakuna shida, kushuka ndiko kunakomtoa machozi. Kwake ni ghorofa ya nne, si ya kwanza kama hapa kwetu, na jengo lile halina lifti. Akasema pia kwamba marehemu baba mkwe alikuwa akimsomea gazeti kila jioni, lote, hadi matangazo ya mashine za kufulia. Tangu afariki, hakuna aliyemsomea kitu. “Ndiyo maana nilipunguza televisheni,” akasema. “Usidhani ni umbea.”

Nimechelewa kazini. Sijutii. Ningejua kuna mtu wa namna hii sebuleni kwangu, ningekaa zamani.

Jumamosi, 14 Machi

Daktari amemruhusu Mama. Kesho anarudi kwake. Ghorofa ya nne.

Mke wangu amemsihi abaki moja kwa moja, amekataa. Anasema mtu haamii kwenye nyumba ya mkwe kwa kuombewa na binti yake. Mwenye nyumba ana mdomo. “Sasa huo mdomo ni wako,” mke wangu kaniambia, akaendelea kukunja nguo za mama yake huku amevimba.

Nimejaribu. Mara ya kwanza nikaishia kumuuliza Mama kama anataka maji. Mara ya pili nikamletea maji.

Nikawaandikia grupu. Mwenyekiti ametoa hotuba nzuri sana, sikupata pa kuitumia. Nesi kaniambia niache mbwembwe: “Mama, baki.” Maneno mawili, hata mtoto anayaweza.

Jumapili, 15 Machi

Teksi iko chini. Begi liko mlangoni. Mama ameshavaa viatu, mke wangu kajifungia bafuni, anasema anatafuta taulo.

Nimesema. Sikuyasema mawili, nilisema rundo zima: kwamba lifti zote za mji huu natengeneza mimi halafu mama yangu alie kwenye ngazi, kwamba sura zimebaki tano na peke yangu nitaelewa nini, kwamba namheshimu na nampenda na nilikuwa mjinga. Mwishoni ndiyo nikauliza. “Mama, utabaki?”

Amefungua mdomo, ameufunga.

Miguu yangu inataka kushuka kumwambia dereva asubiri. Siendi. Nimekaa kwenye stuli yake, mbele yake, naandika kwa sababu sijui pa kuweka mikono.

“Unaandika nini?”

“Nasubiri jibu, Mama.”

Honi ya teksi imelia. Mama ameinama. Amefungua kiatu cha kulia, amekivua, amekisogeza chini ya kiti. Sasa anakitazama cha kushoto.