Ngozi ya Mkia kwa Filimbi Yako

Mpendwa Baba,

Filimbi yako imepona. Ile ya mti, uliyoachiwa na babu, uliyokuwa ukiitumia kuwaita mbuzi kule Mbeere mpaka ulipotuacha ikaenda kwa mdogo wangu Ireri. Mimi uliniachia baraka. Nimekaa na hizo baraka, Baba, na bado nina wivu.

Nakumbuka jioni ulivyosimama kwenye kichuguu ukaipuliza. Ireri alikuwa na mlio wake wa kuitwa nyumbani. Hata yule beberu mwekundu alikuwa na wake. Mimi nilikuja tu na mbuzi. Siku moja nilinyoosha mkono, ukaiinua juu. "Hii si ya wasichana. Wewe shika kamba ya ndama." Nikashika. Usiku ule sikula, na mama akadhani ni malaria.

Sasa sikia alichofanya mrithi wako. Aliitundika jikoni juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, eti isiliwe na wadudu. Ikakauka, ikapasuka kutoka mdomoni hadi katikati. Akaniletea huku Meru, kwa kuwa nauza nyanya sokoni Gakoromone na najua mafundi. Nilisikitika, ndiyo. Nilifurahi pia kidogo.

Nilimpelekea mzee anayetengeneza vipini vya visu nyuma ya bucha. Akaigeuzageuza.

"Mama Kawira, hii kitu ilikaa juu ya moto, ama?"

"Si mimi. Ni braza yangu."

"Wanaume wote huweka huko," akasema. "Hata yangu ilienda hivyo."

Akaziba ufa kwa nta ya nyuki, akachukua ngozi mbichi ya mkia wa mbuzi, akaivalisha filimbi kama soksi. Ikikauka inabana kuliko waya. Niliporudi kuichukua ilikuwa imeshakauka, akanipa nijaribu. Nilitazama nyuma kwanza, Baba, nikihofia utanikuta. Kisha nikapuliza. Haukuwa mlio wa Ireri wala wa beberu. Ulikuwa wangu, ambao hukuwahi kunitungia, na wauza kabeji wote wakageuka.

Ireri ametuma neno kwamba anaitaka. Mvua hizi za Elnino zimekata barabara, lakini siku moja atafika. Nitamwekea chai, nitamuuliza habari za watoto na za mbuzi. Halafu nitamwambia ngozi bado haijakauka. Kwa mvua hii, ataamini.

Pumzika, Baba.

Kifungua mimba wako