Kibao Shingoni mwa Odile

Mama mpenzi,

Huku Lubumbashi vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai, ila kinachoniandikisha leo si vumbi, ni hasira.

Leo mjukuu wako Odile amerudi kutoka shule na kibao cha mti shingoni. Ndiyo adhabu ya kusema Kiswahili darasani: unakivaa mpaka umkamate mwenzako akikisema, umvike yeye. Akanieleza mimi shangazi yake:

"Tantine, mutoto mupya alikuwa analia, hajue Kifaransa. Nilimuambia tu kwenye choo iko."

Mtoto huyu, Mama! Kifaransa anakijua, Kibemba anaongea na majirani, Kiluba unamsikia mwenyewe kwenye simu. Na bado wanamtia alama kama mwizi! Nikamuuliza mbona hakumkamata mtu.

"Nimukamate nani? Bote iko barafiki yangu."

Kile kibao nimekitia kwenye makaa ya mbabula, jiko letu. Bukari, ugali wetu wa jioni, imeivia juu yake, na Odile amekula akaongeza. Kesho nampeleka shule mwenyewe. Wakidai kibao chao nitawajibu kwa Kiluba, Odile awatafsirie.

Utunze kifua chako, Mama. Ukisikia binti yako amefukuzwa getini, ujue amefukuzwa akiongea lugha yako.

Wako, Félicité