Kiongozi Wangu Hajui Kwamba Konokono Ni Mimi

Mzee Eom mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa nimechoka kiasi kwamba hata kuomba naona ni kazi nyingine. Nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye treni ya asubuhi, mkono mmoja simu, mkono mwingine nimeshika mkanda, kwa hiyo maneno yakiyumba usidhani nimelewa.

Mimi ni mwandishi wa programu hapa Pangyo, kwenye mtaa wa makampuni ya kompyuta, nina miaka thelathini na tatu, sijaoa, na mbali na kazi ya mshahara ninayo nyingine isiyo na mshahara, ambayo ndiyo imenifikisha kwako. Kuna chombo kinaitwa Fagio, ni programu huria, watu wa nchi mbalimbali tunakitengeneza kwa kujitolea na yeyote anakitumia bure, na kazi yake ni kusoma msimbo, yaani yale maandishi tunayoiandikia kompyuta, na kumwonyesha mwandishi mahali palipo na uchafu kabla haujaleta balaa. Mtu akitunga kanuni mpya ya kuutambua uchafu huo anaileta, sisi wakaguzi tunaisoma, tunauliza, ikiwa nzuri inapokelewa na jina lake halisi linaingia kwenye orodha ya waliochangia. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa ukaguzi, kila asubuhi kwenye treni na kila Jumamosi, na tulikuwa wanne lakini mmoja amepata mapacha, mmoja alinyamaza tu bila kuaga, nimebaki mimi na mama mmoja wa Ujerumani, Henrike, na michango inayosubiri imepita mia mbili, kwa hiyo siku hizi salamu siandiki, naandika maneno mawili matatu nasonga mbele. Kule wengi tunatumia majina ya bandia. Mimi naitwa Konokono.

Sasa ofisini nina kiongozi wa timu, Bwana Maeng, miaka arobaini na tisa. Ndiye aliyenipokea nikiwa sijui hata printa inawashwa wapi, na mama yangu alipolazwa nikiwa Busan kikazi ni yeye aliyekaa naye siku mbili akimmenyea mapeasi. Namheshimu mno, akipita mezani kwangu akasema, "Tak, kwa nini umefanya hivi?" mimi nasimama, nasema samahani Kiongozi, nafuta kila kitu naanza upya, na sijawahi kujuta.

Mwisho wa mwaka idara yetu inaunganishwa na nyingine na kila mtu anajua nani ataondoka. Hapa kwetu mwandishi wa programu akikaribia hamsini mwisho wake unajulikana, ni kufungua kiduka cha kukaanga kuku, tunataniana hivyo kila siku, lakini yeye Jumamosi anajifunza kukaanga kweli kwa shemeji yake kule Suwon, na Jumatatu anakuja ananukia mafuta. Binti yake alimuuliza, "Baba, miaka yote hiyo umetengeneza nini?" akakosa cha kumwonyesha, kwa sababu kila alichoandika kwa miaka ishirini na nne kimefungiwa ndani ya makampuni. Basi ameamua jina lake liingie mahali pamoja tu ambapo mtu yeyote anaweza kufungua akaliona, kabla hajavaa aproni. Amechagua Fagio. Na mchango wake, Mzee, umeangukia kwangu.

Wazo lake ni hili. Sisi tuna tabia ya kuacha vijibarua ndani ya msimbo, "nitarekebisha baadaye", halafu harekebishi mtu. Kanuni yake ilikuwa inatafuta vijibarua vilivyozidi mwaka mmoja na kumtaja aliyeahidi. Nilipouona mchango sikujua ni wa nani, nikauliza, "Kwa nini mwaka mmoja?" Kesho yake akafuta kila kitu akaleta mwingine, unaopigia kelele vijibarua vyote, hata vya jana. Nikauliza, "Kwa nini vyote?" Akafuta tena. Swali hajibu hata moja, anaandika tu kwamba ameelewa kosa lake, anashukuru kwa mafundisho na anaanza upya, na kila akianza upya kinachokuja ni kibaya zaidi, na sijui ana tatizo gani. Sasa yuko toleo la kumi na moja, linapigia kelele mstari wowote wenye neno "baadaye". Tulipolijaribu kwenye programu za watu lilitoa maonyo elfu arobaini.

Nilijua ni yeye wiki iliyopita, mchana, tukisubiri tambi zipoe, yeye, mimi na Seo-rin, mdogo wetu wa timu. Akanisogezea simu.

"Tak, wewe Kiingereza chako kimenyooka. Hebu nisomee, huyu mwanaharamu Konokono anataka nini tena?"

Nikaona maneno yangu mwenyewe. Nikapulizia tambi zangu.

"Anauliza kwa nini umechagua neno hilo, Kiongozi."

"Anauliza! Mara kumi na moja ananiuliza. Hata baba mkwe hakunihoji hivi."

"Labda ni mtoto wa sekondari wa Ufini," Seo-rin akasema. "Wale hawajui mkubwa ni nani."

"Basi mama yake amnyang'anye simu! Mimi ule mwaka mmoja sikuuokota njiani. Mtu akiahidi kitu na tathmini ya mwaka ikapita hajakifanya, huyo hakifanyi tena. Mimi mwenyewe nimekuta kijibarua changu cha miaka kumi na moja: nitarekebisha wiki ijayo, Maeng. Niliona aibu mpaka masikio." Akasukuma bakuli. "Mwandikie, Tak. Mwambie nimeelewa, naanza upya. Weka heshima nyingi, asije akaninyima kabisa."

Nami, Mzee, nikaandika. Nilimwandikia Konokono barua ya kumnyenyekea kwa niaba ya kiongozi wangu, na kesho yake kwenye treni nikaipokea.

Toleo jipya la Fagio linafunga kupokea michango Ijumaa ya wiki ijayo, lingine ni mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu yeye atakuwa Suwon. Nikimpitishia kwa huruma nitakuwa nimewamwagia watu wasio na hatia maonyo elfu arobaini, nikimkataa nimemfungia mlango kwa mkono wangu, nikimwambia Konokono ni mimi sijui nitamtazama usoni vipi. Nifanye nini? Nimechoka, Mzee. Ningeweza kulala nikiwa nimesimama hapahapa, na nadhani kituo changu kimeshapita.

Konokono, Pangyo

*

Marahaba, Konokono. Pole sana. Umechoka kweli, nimeona. Hizo sentensi zako nazo zimepitiliza kituo.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi shule niliacha darasa la sita, mwalimu alichoka kabla yangu, na miaka arobaini na nne nimekaa ndani ya kibanda cha kushona viatu mbele ya kituo cha treni, mlango namba tatu. Nyinyi watu wa Pangyo kibiashara siwapendi. Mnakwenda kazini na raba, mkifika mnavaa kandambili. Mtu wa namna hiyo ataniletea nini nishone? Kompyuta siijui. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka mpaka mteja akauliza kama naumwa.

Umeandika mwenyewe kwamba kiongozi akikuuliza "kwa nini" unasimama, unaomba samahani, unafuta, unaanza upya. Hata kituo kimoja hujapita, unalalamika kuna mtu kila ukimuuliza "kwa nini" anaomba samahani, anafuta, anaanza upya, na hujui ana tatizo gani! Mwanangu, si ni ofisi ileile? Hapa kwetu tangu lini mkubwa akamuuliza mdogo "kwa nini" kwa sababu hajui? Ukiulizwa umeshachapwa. Na huko kwenye Fagio lenu, mwenye kukubali na kukataa ndiye mkubwa, awe na miaka thelathini na tatu au awe mtoto wa Ufini. Bwana Maeng anamwogopa Konokono kama wewe unavyomwogopa yeye, na wote wawili mnapulizia tambi meza moja.

Tena lile swali lako la kwanza alishalijibu. Amelijibu vizuri, hata mimi wa darasa la sita nimeelewa: tathmini ikipita hujafanya, hufanyi tena. Ulilisikia kwa masikio ya Tak. Masikio ya Konokono uliyaacha kwenye treni. Halafu ukapewa nafasi ya kuandika, jibu zuri liko mezani linatoa mvuke, na wewe ukaandika samahani. Hapo ndipo ninapokukasirikia. Uchovu nakusamehe, mtu hafanyi kazi ya watu wanne akabaki na maneno matamu. Woga ule sikusamehe. Mtu gani anajiandikia barua ya kuomba radhi, anaituma, anaisubiri, anaipokea, na bado anasema hajui afanye nini?

Mimi nilipokuwa na miaka kumi na saba, fundi wangu alishika kiatu nilichokishona akauliza, "Eom, kwa nini uzi huu?" Nikakifumua chote. Nikashona kwa uzi mwingine. Akauliza tena, nikafumua tena, mpaka ngozi ikawa chujio na mwenye kiatu akaenda zake na kimoja mguuni na kingine mkononi, akitutukania wazazi. Miaka ikapita, fundi amezeeka, nimemtembelea na samaki wakavu, akaniambia, "Ule uzi wako wa kwanza uliupata wapi? Nilitaka kuununua." Fundi alishakufa. Na mimi duka lenyewe silikumbuki.

Sasa sikiliza. Kumpitishia kwa huruma, marufuku. Siku moja atagundua, maana ofisi ni domo, na ile orodha atakayomfungulia binti yake itamchoma kila akiitazama. Leo hii mwandikie yule mama Mjerumani umwambie: mtu huyu namfahamu, ni mkubwa wangu, siwezi kumkagua kwa haki, shika wewe. Akisema amechoka, mwambie asome huu mmoja, wewe utamsomea wake mitano. Kisha nenda kwa Bwana Maeng. Usingoje siku ya kwenda kunywa. Pombe itawaliza, mtakumbatiana, asubuhi hakuna anayekumbuka aliyesema nini. Nenda mchana, na macho makavu. "Kiongozi, Konokono ni mimi." Basi. Usianze na hali ya hewa. Atatukana, mwache atukane. Umemfumulisha mara kumi na moja, ana haki ya matusi kumi na moja; yahesabu, la kumi na mbili ndilo unaweza kulijibu. Akitulia, mwambie kazi yake ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri, na ulimuuliza kwa sababu ulitaka kujua. Airudishe ileile. Chini yake aandike maneno yale aliyoyasema mezani, na aibu ya kile kijibarua cha miaka kumi na moja aiweke pia, wewe umnyooshee Kiingereza, usimnyooshee kitu kingine. Henrike akiikubali, vizuri. Akiikataa, atakuwa ameikataa kazi ya Maeng. Mpaka leo hakuna aliyeisoma. Mlikuwa mnasoma hofu yake.

Na hiyo michango mia mbili, hukuizaa wewe. Jumamosi hii lala. Ukiamka tangaza kwenye hilo Fagio kwamba wakaguzi ni wawili na wamechoka, wanaotumia bure waje washike mpini. Na kuanzia hapo kila ukiandika "kwa nini" malizia na "nataka kujua tu". Ni maneno matatu, na yangekuokolea matoleo kumi.

Majina yenu nimeyabadilisha, mimi si mnyama. Lakini tambi, kuku na konokono nimewaacha makusudi. Gazeti hili linatoka Alhamisi na linagawiwa bure kwenye kila kituo kuanzia hapa mpaka Suwon. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatatu, kwa hiyo una Jumanne na Jumatano kabla Bwana Maeng hajalisoma. Sema kabla bakuli halijaletwa. Likishaletwa mdomo wako utapata kisingizio.

Ukimaliza niandikie jambo moja. Majina yote haya duniani, kwa nini Konokono?

Usifute barua. Nataka kujua tu.

Mzee Eom, kibanda cha viatu, mlango namba tatu