Uzi Usio na Fundo

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini u mzima, na kukata vioo vya miwani ya watu hakujakumalizia macho yako. Mimi mzima. Baba yupo, anakula, anageuzwa, analala. Mkono wa kulia haujarudi, na maneno yanamtoka moja moja, tena kwa kuchagua. Naandika kwa sababu tukiongea kwa simu anasikia kila kitu. Kati ya kitanda chake na cherehani yangu kuna ubao mwembamba tu, na masikio yake hayakupooza.

Sasa nikuchekeshe. Tumeletewa mchungaji mpya. Kijana, suruali imembana, amepewa watu wazima awaongoze na kola yake imekaa upande. Huyu kaja na jambo lake. Anasema mikono yetu imeokoka, midomo imeokoka, lakini vichwa bado vinazurura. Basi kila Alhamisi saa kumi jioni tunakutana kwenye chumba cha watoto wa Jumapili, tunakalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, tunajifunza kuwaza. Watu wana wajukuu, wanafundishwa kuwaza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mtu anapewa uzi wa urefu wa mkono, anaufunga kwenye kitambaa au anauweka mfukoni. Ukiwaza jambo usiloweza kuliwaza Yesu akiwa amekaa mbele yako, unafunga fundo moja. Alhamisi mnaweka nyuzi mezani. Hakuna kueleza, ni kuonyesha tu. Uzi nimetoa mimi, kwani fundi wa kanisa ni nani.

Ungeiona Alhamisi ya kwanza. Mke wa mwalimu mkuu, yule anayejifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi, uzi wake ulijaa mafundo mpaka ukawa mfupi kama kidole. Na anautazama kwa machozi utadhani ameleta sadaka. Muuza mkaa alileta mafundo tisa. Tisa kwa wiki nzima, mtu ninayemsikia akiwatukana wateja kila asubuhi. Hata kwenye dhambi anapunja. Mkunga mstaafu akasema wa kwake ulidondoka njiani. Mimi niliweka wangu mezani ukiwa umenyooka vilevile nilivyoukata. Mchungaji akaniuliza, wiki nzima, dada fundi? Nikamwambia wiki nzima, mimi nina kazi, sina nafasi ya kuwaza upuuzi. Aliutazama uzi wangu muda mrefu kuliko nyuzi za wengine. Nadhani hajawahi kuona kitu kama kile.

Namwosha Baba kila asubuhi, namlisha kwa kijiko, mashati yake yana pasi ingawa hatoki kitandani. Ni mwaka wa tatu huu na sijamtolea neno baya hata moja. Waulize majirani.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, macho yangu bado yapo. Mpe Baba salamu zangu, umwambie namkumbuka kila siku.

Barua yako niliisomea kazini wakati wa chakula, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikachukua uzi tunaofungia vifurushi, nikaisoma mara ya pili, na kila ulipomdharau mtu nikafunga fundo. Nimefika kumi na moja. Suruali ya mchungaji sikuihesabu, hiyo nimeichukulia kuwa ni taarifa tu.

Usinikasirikie, ila nina swali. Unasema hujamtolea Baba neno baya. Je, neno lolote? Nilipokuja mwaka juzi nilikaa siku tano, na siku zote tano sikukusikia ukimsemesha. Ulikuwa unaniambia mimi, mwambie ainue mkono, muulize kama ameshiba. Naye amelala pale pale katikati yetu. Dada, kupooza ni kwamba damu haikufika vizuri kwenye ubongo. Ubongo ndio unaoendesha mwili. Si kwamba anafanya kiburi. Nakueleza taratibu ili unielewe.

Nimepata nyumba yenye chumba kimoja zaidi, na jirani yangu ni mama aliyezoea kutunza wagonjwa. Nataka mwezi wa sita nije na gari nimchukue Baba akae kwangu. Wewe upumzike. Fikiria, halafu unijibu kwa moyo mweupe.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika. Sisi wazima.

Asante kwa somo la ubongo. Wangu umelipokea lote, kwa jinsi ulivyolikatakata vipande vidogo.

Gari la kumchukua. Kama kabati. Unamjua huyo unayetaka kumchukua? Unajua kwamba chai ikipoa kidogo anafunga meno, ikichemka sana anaitema kifuani, na shuka unabadilisha wewe? Unajua ubavu gani hutakiwi kumlaza? Wewe uliondoka na sanduku la vitabu, Baba akakusindikiza hadi kituoni amevaa koti. Mimi nilibaki na cherehani yake. Sasa umeshiba raha, umekumbuka kwamba una mzazi. Na jirani yako, huyo mama aliyezoea, amezoea nini? Kuzoea watu wa wengine ni rahisi.

Umeuliza kwa nini simsemeshi. Ninalo neno moja tu la kumwambia, na ni neno ambalo Mkristo hamwambii mtu. Nimelifungia. Nikiingia chumbani mwake naingia nalo mdomoni, nikitoka natoka nalo, halijawahi kuniponyoka. Huo ndio ushindi wangu, na hakuna wa kunihesabia mafundo, si mchungaji wa suruali na si wewe na kamba zako za vifurushi.

Njoo mwezi wa sita. Mchukue. Nitampangia mashati.

Dada yako


30 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Ya Baba? Nilikuandikia tarehe kumi na moja kukuomba radhi, hujanijibu. Umesema utampangia mashati na mimi nimekaa naisoma sentensi hiyo moja. Ni neno gani hilo, dada? Niambie mimi kama huwezi kumwambia yeye.

Mdogo wako


27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimepiga simu mara nne, inaita tu. Muuza mkaa, aliyekuwa ameleta mkaa hapo kwenu, ndiye aliyepokea ya mwisho, akasema wote ni wazima ila wewe huonekani kanisani. Wewe, usiyekosa hata Jumapili ya mvua. Nina hofu. Andika hata mistari miwili.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Tu wazima. Nilikuwa sina la kuandika, sasa ninalo.

Alhamisi moja mwezi wa tatu kikundi kilikuja kwetu kumwombea mgonjwa. Walikuja tisa kwenye chumba cha watu wawili. Nilikuwa nimesugua sakafu, nimetandika shuka nyeupe, Baba nimemnyoa ndevu. Nilitaka waone. Mke wa mwalimu mkuu akasema hajawahi kuona mgonjwa aliyetunzwa hivi, nami nikasimama pale mlangoni nikiyanywa maneno yake.

Mchungaji akakaa kwenye shuka yangu ya pasi, akamweleza Baba habari za uzi. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, hakupiga kelele kama wanavyofanya watu mbele ya mgonjwa. Baba akanyoosha mkono wa kushoto. Anautaka uzi. Ikabidi nikate, nikampa. Fundi ni fundi, akaanza kufunga fundo kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda. Muuza mkaa alitaka kumsaidia, akatazamwa jicho lililomrudisha nyuma. Fundo lilipokaza Baba akaninyooshea kidole.

"Huyu," akasema. "Hanisemeshi. Miaka mitatu."

Mkunga akasema labda mzee amechanganyikiwa. Nilitamani iwe hivyo. Lakini wote walikuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Nikatoka nje, nikasimama penye kamba ya nguo hadi walipoondoka. Mke wa mwalimu mkuu alinigusa begani, nami nikalitikisa bega kama ninavyofukuza nzi. Niliwachukia wote. Niliona nimevuliwa nguo na watu ambao hata kushona kifungo hawajui. Ndiyo maana sikuonekana kanisani, wala simu sikupokea.

Sasa Jumamosi ya wiki iliyopita asubuhi nilikuwa namwosha. Nilikuwa nimefika kwenye mgongo. Sijui kilichonipata. Nikamwambia, "Nataka ufe. Kila asubuhi nikiingia humu natazama kwanza kama kifua bado kinapanda, na kikipanda nachukia."

Akasema, "Najua."

Basi yakafunguka yote. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilipokuwa kidato cha pili Baba alinitoa shule nije kumsaidia kwenye karakana yake ya ushonaji, akasema ni kwa mwaka mmoja. Mwaka haukuisha mpaka leo. Hilo ningeweza kulimeza, watoto wengi wametolewa shule. Lakini wateja walipomuuliza kwa nini sisomi, aliwaambia kichwa changu kizito, walimu wameshindwa. Aliwaambia nikiwa nimekaa pale pale, nashona vifungo vya mashati yao. Mji mzima ulijua mimi ni mzito. Wanaume wawili walikuja kuniposa wakarudi zao kwa sababu hiyo. Nikamwambia yote, na sabuni inamkauka mgongoni.

Nikadhani amelala. Halafu akasema, "Wa pili." Sikumwelewa. Akameza mate, akasema tena, "Darasani. Ulikuwa wa pili."

Kwa hiyo alijua. Miaka thelathini na moja alijua nafasi yangu darasani, na mimi nilidhani amesahau, na kusahau ningemsamehe. Nikamuuliza kwa nini basi aliwaambia watu vile. Alihangaika na mdomo wake hadi nikataka kuuvuta kwa mkono. Likatoka neno moja tu, aibu. Alishindwa kutusomesha wawili, akaona ni afadhali watu waseme mtoto ni mzito kuliko waseme baba ameshindwa. Nililia. Nililia kwa hasira, usije ukafurahi.

Jumatatu nilimfuata mchungaji ofisini. Nikamwambia uzi wangu ulikuwa umenyooka na kila siku ya Mungu nilikuwa namtakia baba yangu kifo. Nilidhani atashtuka. Akasema uzi wangu ndio aliouhofia kuliko yote tangu siku ile ya kwanza, na akaniuliza kama nimekula. Unajua nililokuwa nalifikiri, mdogo wangu? Nilikuwa nafikiri wazo usipolisema Mungu halisikii. Nimeimba kwaya tangu nina miaka kumi na miwili, na nilikuwa nafikiri hivyo. Hakuna mjinga kama mimi kwenye viti vile vya watoto, na nilivyokuwa nawacheka.

Suruali bado imembana. Hilo sitalificha.

Dada yako


3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimejifungia, na nimeona nikuandikie kabla sijapoteza ujasiri.

Mimi pia niliamini. Nilikua nikisikia kichwa chako kizito na sikuwahi kuuliza nani alisema. Nilikupenda, lakini nilikupenda kama mtu anavyompenda asiyeelewa. Barua zote nilizokuandikia tangu nimeondoka nimeziandika kwa maneno mepesi. Nikimaliza sentensi najiuliza, hii ataielewa? Nilikueleza ubongo. Dada, nimerudia kusoma barua zako, zile ulizoniandikia miaka yote, na hakuna mtu hapa kazini kwetu anayeweza kuandika hivyo. Nimeona haya. Nawaongoza watu maombi kila Ijumaa kazini, na huku nilikuwa nakudharau wewe kwa upole. Naomba unisamehe.

Gari limepatikana. Nitafika Jumamosi tarehe ishirini asubuhi, na kitanda cha Baba kimeshawekwa dirishani. Kama tarehe hiyo haikufai nijulishe upesi.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila tunagombana kuanzia chai ya asubuhi. Ameanza kuikagua kazi yangu. Ananiambia niinue gauni aone mshono, halafu anasema, "Umevuta uzi." Nimemwambia nusu ya mji huu ilitembea upande kwa suruali alizokata yeye. Jana alicheka, mdomo ukaenda kushoto, chai ikamwagika yote. Kuna siku bado sitaki kumwona. Juzi nilimwambia anyamaze, nimekumbuka ya zamani, akanyamaza mpaka mchana.

Kuhusu kuniona mjinga, nilijua siku nyingi. Ile barua uliyonifundisha mvua inatoka wapi niliwasomea wateja, tulicheka wiki nzima. Nimekusamehe, lakini si leo, leo bado nina hasira. Hesabu kuanzia Jumatatu.

Gari lirudishe. Njoo kwa basi, kaa kwenye kigoda umsikilize, maana sasa anaongea na anachelewa kumaliza. Hapa hatoki. Hatujamalizana.

Nikwambie na hili, halafu usimwambie mtu. Miaka yote hii kila jioni nimekuwa nikimwekea mkono kichwani nasema, Bwana, mponye baba yangu. Nilikuwa nasema hivyo huku napanga kazi ya kesho na kusubiri afe. Jana niliweka mkono, nikaanza maneno yale yale, na nilipofika katikati nikashindwa kuendelea, kwa sababu nilikuwa nataka. Nilikuwa nataka apone kweli. Baba akafungua macho kuona kwa nini nimenyamaza, nami nikatoka nikasingizia pasi inaungua.

Nimeogopa, mdogo wangu. Sasa akifa nitaumia.

Dada yako