Bihogo Ameenda Luvungi

Kaka Kagabo,

Uji wa Baba iko mu thermos. Umunyweshe polepole, anapaliwa. Mashuka ya mukojo niko naacha nje. Fua weye, si tribinali imekuchagua?

Leo asubuhi jaji alimuuliza Baba miye ni nani. Akajibu, "Bihogo." Jaji akasema hanitambui, akakuweka weye msimamizi wake. Na weye, mutoto wa mufugaji, unajua Bihogo ni ule ng'ombe Baba alipenda kuliko yote! Ni vile ananiita tangu kumbukumbu zimuache. Ukaangalia viatu vyako.

~~Nitarudi kesho.~~ Naenda Luvungi, kwa shangazi.

Dawa yake ni kisha kula chakula.

Jioni ataita Bihogo. Umuitikie weye, msimamizi.

Dada yako,
Iribagiza