Maharage Matamu Tumboni mwa Samaki wa Unga

...na tena, mpendwa mshauri, barua ya kwanza sikukuambia kwamba Omari wangu huimba akiniona natoka bombani, basi utaelewa kwa nini natamani kumpikia alichokipenda Japani, alikopelekwa miezi sita kusomea pampu za maji, akarudi na kikaango cha chuma chenye umbo la samaki wawili, akanieleza kuwa huko vitafunio hivyo huuzwa barabarani vikiwa vya moto, nje unga wa ngano, tumboni maharage mekundu matamu, nami nikachemsha maharage pamoja na sukari niliyoipangia foleni, yakabaki magumu kama kokoto, nikatia magadi alivyonifundisha mama, yakalainika, nikajaza samaki wangu, wakatoka wazuri mpaka nikawabusu.

Omari alikula mmoja akasema, "Tamu, mke wangu, ila nimeshiba." Siku tatu anashiba hivyo hivyo. Jana nimemkuta uani akiwamegea bata wa jirani yetu Mwamvita, na bata wanageuza shingo. Mwamvita akacheka ng'ambo ya ua: "Shoga, maharage na sukari, hiyo mboga au posa?"

Sikukasirika, Omari akiona haya hupendeza. Lakini ameshamwandikia mama yake, Bi Mwanne wa Usoke, kwamba nawashinda Wajapani, naye anakuja tumbaku ikishauzwa, aonje mkono wangu mara ya kwanza tangu harusi. Naomba msaada: nipike, au niseme kikaango kimevunjika?

Siwema, Tabora

Siwema mwanangu,

Kikaango usikisingizie. Kosa ni magadi. Kwenye mboga, kitunguu huyaficha. Kwenye utamu hubaki ladha ya sabuni, na mumeo anakula sabuni kwa mapenzi. Uliyahitaji kwa kuwa ulitia sukari mapema, na sukari hukaza maharage. Yaloweke tangu jana yake, yachemshe kwa maji matupu, mwaga maji ya kwanza, uyachemshe tena. Yakivunjika kidoleni yaponde, ndipo utie sukari na chumvi chembe, ukoroge hadi mwiko uache njia. Sukari ikikosekana, nani wa Tabora akose asali? Kijiko kimoja tu cha maharage kila samaki, wasipasuke.

Omari nawe, kumsifu mkeo kwa mama yako huku ukimficha mkeo huyo ukweli ni woga. Simama naye jikoni, onja, sema.

Bi Mwanne akifika, mpe mwiko akoroge. Mama mkwe hakitukani alichokikoroga mwenyewe. Ila usingoje yeye awe wa kwanza kukupima: nina safari ya Urambo, nitashuka stesheni ya Tabora kabla ya mwezi huu kwisha, nije kuonja.