Chipu ya Kwanza ya Taifa Nimeing'oa Kwenye Simu Mbovu

Mama mshauri, shikamoo. Nisaidie, maana jambo hili limenikwama kooni na wa kumwambia sina. Mimi ni fundi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nilikuwa kati ya vijana ishirini waliopelekwa ng'ambo na serikali kusomea kutengeneza chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, kwa sababu sera mpya ilisema baada ya miaka kumi taifa litajitengenezea zake, tukarudi kifua mbele, kumbe waziri kabadilishwa na sera nayo imebadilishwa, leo kipaumbele ni kuunganisha simu, kesho vipuri vya magari, na mashine zetu zimo kwenye masanduku mwaka wa tatu huu kwa sababu hazitaki umeme ukatike hata sekunde moja na kwetu unakatika kila siku, sisi kazi yetu ni kuvaa mavazi meupe gubigubi na kupiga deki chumba kisichotakiwa kuwa na vumbi. Kiwanda kimejengwa kwenye shamba la baba. Aliambiwa ni kwa ajili ya taifa akakubali, hata kaburi la mama likahamishwa. Ijumaa kuna uzinduzi, kadi zimeandikwa "Kiwanda cha Chipsi" na wizara nzima hakuna aliyeshtuka, na bosi kaniamuru ning'oe chipu kwenye simu mbovu, niisafishe, nimkabidhi waziri kama chipu ya kwanza ya taifa. Nimeshaing'oa. Baba atakaa mbele kama mgeni wa heshima, jana kaniambia, "Mwanangu, waombe hata moja, nikaiweke kwa mama yako ajue hakuhamishwa bure." Nikamwitikia, "Sawa, baba." Mama, nimechoka, kazi naitaka na baba nampenda, nifanyeje?

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole yangu si ya mdomoni. Lakini nawe umezidi! Bosi alikuamuru kung'oa chipu. Kumwitikia baba "sawa" hakuna aliyekuamuru.

Kiwanda sina dawa yake. Mawaziri watakuja na sera zao na kuondoka nazo. Pengine mashine hizo hazitawashwa kamwe, na ulichosomea kitakuozea kichwani. Inauma. Lia, hakuna atakayekucheka.

Ila chipu hiyo usimkabidhi mtu. Mwandikie bosi barua kwamba hushiriki, nakala ubaki nayo. Akikufukuza, basi, na kazi nyingine huenda usiipate upesi, sikufichi. Kabla hujaipeleka barua hiyo, Alhamisi mchana, mshike baba mkono umwingize kiwandani, ayaone masanduku kwa macho yake. Usimletee habari za kipaumbele. Atakuuliza kama mama yako alihamishwa bure. Mjibu, "Ndiyo, baba," kisha usiondoke, kaa naye.